Msichana Anayewajua

Nyumbani kwao hakuna mtu aliyewahi kusema kwamba baba amekufa. Mama alisema baba hayupo. Wajomba waliokuja kutoka Gulu walisema amechelewa. Padri alisema tumwombee popote alipo. Shuleni, mwalimu mkuu alisema mbele ya darasa zima kwamba mzazi wa Akot amesafiri, akamtazama kwa huruma, kisha akaendelea na hesabu. Akot alikua akiamini kwamba watu wazima ni waongo, na kwamba wakitaka kudanganya hupunguza sauti.

Baba yake, Saverio Olanya, alikuwa sajini wa polisi. Walimchukua mchana, kambini, mbele ya wake wa askari waliokuwa wakianua nguo. Wanaume wawili wenye miwani myeusi na suruali za bugaluu walimfunga mikono, wakamtia kwenye buti ya gari, wakafunga buti. Akot alikuwa na miaka minane. Kabla ya juma kwisha, familia ya jirani yao, Maimunah, ilihamia katika vyumba vyao, kwa kuwa vyao vilikuwa viwili na Maimunah alikuwa na kimoja. Mtoto wa Maimunah, Kamis, ambaye Akot alicheza naye tangu wote wawili walipoanza kutembea, ndiye aliyekibeba kigoda cha Akot na kukiweka nje juani.

Mama yake, Rosalba, alipata chumba nyuma ya maghorofa ya Bugolobi, Kampala, akawa anafulia watu nguo. Akot alipelekwa shule ya watoto wa Kiganda. Kiganda chake kilikuwa cha kukwama kwama, lakini Kiswahili kilimtoka bila kufikiri, maana ndiyo lugha ya kambini. Miaka ile Kiswahili kilikuwa lugha ya watu wenye bunduki. Aliposahau akakisema bombani, wanawake walinyamaza, wakainua ndoo zao zikiwa nusu. Nabukalu, aliyekaa naye dawati moja, alimwita mtoto wa soja.

"Mwambie baba yako atuletee sukari," Nabukalu alipenda kusema, na wasichana wengine wakacheka huku wakitazama mlangoni, maana sukari ilipatikana kwa wanajeshi tu, na hata mzaha wa namna hiyo ulikuwa na hatari yake.

Akot aliinamia daftari lake. Angesema nini? Kwamba baba amechelewa?

Mtu wa kwanza kumwambia kweli alikuwa fundi viatu. Aliitwa Emile Mushagalusa, Mkongo wa Bukavu aliyekimbia vita vya kwao na kufungua kibanda Namuwongo, kando ya reli. Alikuwa na mistari mitatu kwenye kila shavu. Alipokuwa mtoto alishikwa na degedege, bibi yake akampeleka kwa mganga, naye akamchanja uso kwa wembe na kumpaka majivu.

"Mganga alikuwa amelewa," Emile aliwaambia wateja. "Alianza shavu moja, akasahau, akarudia lingine. Shukuru Mungu hakufika kwa pua."

Akot alimpelekea kiatu kilichoachama. Wakati Emile anapitisha uzi kwenye nta, akamwuliza swali aliloliuliza kwa kila mtu: baba yake atarudi lini?

Emile alitoa misumari mdomoni. "Nani alimuchukua?"

Akot akamweleza.

"Mutoto wangu, ule mutu walimuua. Mutu akitiwa ndani ya buti ya gari, harudi tena. Mama yako anajua. Padri pia anajua. Lia kwanza. Ukimaliza, nitakupa kiatu yako."

Akot alilia pale juu ya vipande vya matairi, na Emile akaendelea kugonga msumari kana kwamba kulia ni kazi kama kazi nyingine. Tangu siku hiyo Akot akamwita mjomba. Kila Jumamosi alikwenda kukaa kibandani kwake, na mke wa Emile, Bibiane, akampa muhogo wa kuchemsha na kumtania kwamba ataolewa na gundi.

Jioni ya siku hiyo ya kwanza alimwambia mama yake, "Baba ameuawa, na wewe unajua."

Rosalba alimpiga kofi. Kisha akapiga magoti, akatoa rozari, akaanza kusali. Alisali kwa ajili ya Saverio, na alipomaliza akasali kwa ajili ya wale wanaume wawili, Mungu awaguse mioyo. Akot alibaki amesimama.

"Mimi nawaombea wafe," alisema.

"Mungu anakusikia, Akot."

"Ndiyo maana nimesema kwa sauti."

Akot alipotimiza miaka kumi na mitano, vita kati ya serikali na Watanzania vilifika Kampala. Mizinga ilisikika siku nyingi kutoka upande wa Entebbe. Askari wa serikali walianza kutoroka kwa makundi, wakitupa magwanda mitaroni, wakivua hata viatu ili wasijulikane. Asubuhi moja ya mwezi wa Aprili mizinga ikanyamaza, na badala yake vikasikika vigelegele.

"Usitoke," mama yake alisema. "Siku kama hii shetani naye hutembea."

Akot alitoka.

Barabara ilikuwa imejaa watu. Wakombozi wa Kitanzania walipita kwa miguu, mstari huku na mstari kule, matope mpaka magotini, wamechoka kama watu waliotoka kulima. Wanawake waliwatupia ndizi. Watu walitaka kuwaambia mengi na hawakuweza, maana waliojua Kiswahili walikuwa wamekimbia, au walijificha kuogopa kudhaniwa kuwa askari wa serikali. Askari mmoja mtu mzima, mwenye mvi kidevuni, alisimama akauliza njia ya kwenda Jinja. Watu wakatazamana.

"Shuka hapa mpaka reli, baba, kisha ushike kushoto," Akot alisema.

Alidhani watamzomea. Badala yake mtu akapiga makofi, na wengine wakafuata. Nabukalu akapenya katikati ya watu, akamshika mkono.

"Huyu ni wetu! Anasoma na mimi!"

Kaka yake Nabukalu, kijana mwenye mabega mapana aliyeitwa Sembatya, ambaye naye alikuwa amesikia minong'ono kuhusu baba wa Akot, alimwinua Akot akamsimamisha juu ya pipa. "Waambie," alisema. "Waambie baba yako alifanywa nini na wale mbwa."

Naye akasema. Alisema kwa Kiswahili kwa wakombozi, kisha kwa Kiganda chake kibovu kwa watu wote, na hakuna aliyekicheka. Baba yangu walimtia kwenye buti ya gari. Baba yangu walimuua. Wanawake walishika vichwa wakalia "Woowe!" na mzee mmoja akavua kofia. Kwa mara ya kwanza kweli ilikuwa mdomoni mwa watu wote, na kwa mara ya kwanza Akot hakuwa peke yake. Alilia na kucheka. Nabukalu alimkumbatia miguu pale juu ya pipa.

Wakombozi waliendelea na safari. Umati ulibaki barabarani, ukiwa na furaha na hauna la kuifanyia. Wengine walikwenda kuvunja maghala. Wengine walianza kutafuta watu.

Walimpata wa kwanza nyuma ya ukuta wa kiwanda, ndani ya karavati la kupitishia maji. Alikuwa amevaa gauni la mwanamke na kitambaa kichwani. Walimvuta kwa miguu mpaka barabarani, kando ya ukuta, gauni likapanda, na chini yake ikaonekana suruali ya jeshi. Alisema ni mpishi tu. Alisema hiyo suruali ameiokota. Aliyasema hayo kwa Kiswahili, na kila neno lilimzidishia kipigo.

"Ngojeni!" Sembatya alipaza sauti. "Tusije tukamuua asiyehusika. Yupo msichana anayewajua. Amekua nao kambini. Mleteni."

Umati ulimfungulia Akot njia. Kitambaa kilikuwa kimemtoka yule kijana, na mistari mitatu ya kabila lake, ile waliyokuwa nayo askari wengi wa serikali, ilikuwa wazi mashavuni chini ya damu. Akamwinulia Akot macho.

Alikuwa Kamis.

"Akot," alisema. "Dada, mimi Kamis. Wewe najua mimi. Ambia hawa watu. Mimi nakwenda kwa mama tu."

"Anasema nini?" Sembatya aliuliza.

Akot alimtazama. Alikiona kigoda chake juani. Aliiona buti ya gari ikifungwa. Alijua pia kwamba Kamis alikuwa na miaka tisa wakati ule, na kwamba, kama alivyosikia kibandani kwa Emile, aliingia jeshini mwaka jana tu, walipokuwa wakikusanya vijana ovyo. Hayo yote aliyajua kwa pamoja. Lakini watu walikuwa wamenyamaza wakimsubiri, Nabukalu alikuwa amemshika bega, na yeye alikuwa ameapa kwamba hatakuwa mwongo kama watu wazima.

"Ninamjua," alisema kwa Kiganda. "Ni askari."

Jiwe la kwanza lilimpata Kamis mdomoni. Alijaribu kusema tena jina la Akot, lakini meno hayakuwapo na jina halikutoka. Kisha vikaja vyuma vya kiwandani. Mwanamke aliyekuwa amebeba mfuko wa sukari aliuweka chini, akachukua tofali, akampiga mara moja kichwani, akaushika tena mfuko wake. Miguu ya Kamis ilichimba vumbi, ikatulia, ikachimba tena. Waliendelea hata baada ya hapo. Akot alidhani mtu hufa kwa mara moja. Hakujua kwamba mwili hukataa, na kwamba hutoa sauti.

Nabukalu alimfuta Akot matone ya damu kwenye blauzi kwa leso yake. "Umefanya vizuri," alimwambia. Meno ya Akot yalikuwa yakigongana, naye aliyabana asionekane.

Walikuwa bado wamesimama hapo sauti zilipotokea upande wa Namuwongo. "Tumempata mwingine! Ofisa mzima! Ana viatu vya jeshi gunia zima!"

Walimleta wakimsukuma, gunia likiwa limefungwa shingoni mwake. Mtu aliligeuza na mabuti meusi yakamwagika barabarani. Ngozi ilikuwa imeadimika Kampala kwa miaka. Fundi yeyote wa viatu, akiona mabuti mazima yametupwa mtaroni, angeyaokota kabla ya kuwaza lingine. Emile alikuwa ameamka mapema, akapita mitaro yote ya reli, akaokota kila alichoona.

Lakini watu hawakumwona fundi. Waliona mabuti, na waliona mistari mitatu kwenye kila shavu.

"Huyu siye!" Akot alipiga kelele kabla hajaulizwa. "Mwacheni! Ni fundi viatu, ni Mkongo!"

Emile alimwona. "Akot," alisema kwa Kiswahili chake cha Bukavu, "wambie hii ni mambo ya kazi tu. Nitashona viatu."

Aliposema hivyo umati ulinguruma. Kwa masikio yao, Kiswahili kilikuwa Kiswahili.

"Mtazame uso," Sembatya alisema.

"Alichanjwa utotoni! Alikuwa na degedege!"

Watu walicheka. Mmoja alisema, "Basi jeshi zima lilikuwa na degedege."

"Nawaambia ninamjua!" Akot alisema. "Si mmesema mimi ndiye ninayewajua? Yule nimewaambia ndiye, mkaniamini. Huyu nawaambia siye!"

Sembatya alimtazama kwa upole, na upole huo ulimtisha kuliko kelele. "Una huruma, mdogo wangu. Umeona damu ukaogopa. Nenda kapumzike."

Hapo Akot alielewa. Neno lake lilikuwa limetosha kwa sababu lilikuwa lile walilolitaka. Alitafuta neno jingine, lolote, na akalishika lililokuwa karibu zaidi na moyo wake.

"Ni baba yangu," alisema.

Watu walisita. Chuma kimoja kilichokuwa kimeinuliwa kilishuka. Emile alifumba macho. Kwa kitambo kidogo ilionekana kwamba huenda ikawezekana.

Kisha Nabukalu akasema, wala hakuonekana kusema kwa chuki, "Lakini baba yako walimuua. Umetuambia mwenyewe pale juu ya pipa. Sote tumesikia."

"Anadanganya!" mtu alipiga kelele. "Kumbe ni mtoto wao kweli!"

"Enda nyumbani, Akot," Emile alisema. "Usiangalie."

Walianza. Akot alijitupa juu yake. Alihisi harufu ya gundi na nta kwenye shati lake, kisha chuma kikamshukia mkononi na akausikia mfupa ukikatika. Mtu alimvuta kwa nywele, mwingine akampiga teke la tumbo na kumwita mke wa masoja. Alipoinuka hakuweza tena kumfikia Emile kwa wingi wa migongo. Akakimbia. Alikimbia akishika mkono wake kama mtu aliyebeba mtoto, mpaka kwenye reli, ambako wakombozi walikuwa wamepumzika.

"Baba, njoo! Wanamuua mjomba wangu! Si askari, ni fundi viatu!"

Askari mwenye mvi kidevuni aliinuka bila kuuliza, akawachukua wenzake wawili. Walipofika alipiga risasi hewani, na umati ukatawanyika ukipiga mayowe. Sembatya alikwenda na umati. Nabukalu alikwenda nao, akiwa ameangusha kiatu.

Emile alikuwa amelala kifudifudi kati ya mabuti. Yule askari alimgeuza, akamtazama, akamrudisha taratibu kama alivyokuwa.

"Nani kafanya hivi?" aliuliza.

"Sisi," Akot alisema.

"Ninyi akina nani?"

"Wao na mimi. Huyu niliwakataza wasimguse. Yule wa pale ukutani niliwaambia mimi."

Askari aliutazama mkono wa Akot uliovunjika. Huenda alikuwa na mtoto wa umri huo kwao, huenda hakuwa naye. Alivua koti lake la mvua, akamfunika Emile kichwa, akamwambia Akot aende kwa mama yake. Mwenzake akamwita, na wakaondoka, kwa kuwa vita vilikuwa bado mbele yao.

Rosalba alimkuta mwanawe amekaa barabarani. Alikuwa amemtafuta tangu asubuhi. Aliuona mkono, akararua kitenge chake akaufunga, huku akitaja jina la Yesu kila anapokaza fundo. Bibiane alifika nyuma yake akikimbia, miguu mitupu. Aliliinua lile koti, akalirudisha, akakaa chini kando ya kichwa chake.

Waporaji walikuwa wameacha mkokoteni kando ya ukuta. Wale wanawake wawili walimpandisha Emile, Akot akisaidia kwa mkono mmoja. Rosalba alishika mpini ili waondoke.

"Bado," Akot alisema. "Yupo mwingine."

"Nani?"

"Kamis, wa Maimunah. Mimi ndiye niliyemuua."

Rosalba alitazama huku na huku. "Usiseme maneno hayo. Umati ndio uliomuua. Wewe hukushika hata kokoto." Alipunguza sauti. "Mwanangu, leo ni siku mbaya. Hakuna atakayeuliza. Twende tu."

"Mama, usinidanganye leo. Tafadhali. Leo tu usinidanganye."

Mama yake aliuachia mpini. Mdomo wake ulitetemeka kama unaotafuta sala na kutoiona. Bibiane ndiye aliyeinuka. Alijifuta uso kwa kiganja, akaenda ukutani, akamshika Kamis chini ya makwapa.

"Mama Akot, shika miguu," alisema. "Hii pia ni mutoto ya mutu."

Waliwalaza pamoja, fundi na askari, chini ya koti moja lisilowatosha. Njia ya kwenda Namuwongo ilikuwa moja, na Maimunah alikuwa akiishi huko tangu alipotoka kambini, nyumba ya mwisho kabla ya reli. Watu waliokuwa wamebeba magodoro na viti walisimama kutazama. Mwanamume mmoja alitema mate kwenye gurudumu. "Mnazika mbwa?" aliuliza, na jiwe lake lilimpata Rosalba mgongoni. Rosalba hakugeuka. Alianza rozari kwa sauti, akisukuma. Bibiane akaitikia kwa Kiswahili cha kwao. Akot alifungua mdomo aitikie pia, na hakujua kama kuna mahali sauti yake ingepokelewa, lakini aliitikia.

Mlango wa Maimunah ulikuwa umefungwa, na dirisha limezibwa kwa meza. Akot alibisha kwa mkono mzima.

Ndani kulikuwa na kimya cha mtu anayezuia pumzi.

"Mama Maimunah," alisema. "Ni mimi Akot, wa Olanya. Nimekuletea Kamis."

Kitu kilianguka ndani. Sauti ikaja karibu sana na mbao. "Iko mzima?"

Rosalba alimshika mwanawe bega, akalibana. Akot aliujua mkono huo na alijua unamwomba nini. Ingekuwa rahisi kusema ameumia, ili mlango ufunguke kwanza.

"Hapana," alisema. "Amekufa. Watu walimpiga pale kiwandani. Waliniuliza mimi kama ni askari, na mimi nikawaambia ndiyo."

Alisubiri. Meza iliburuzwa, kisha komeo likavutwa, polepole, likikwama. Bibiane alishika mkokoteni usirudi nyuma. Akot alibaki mbele ya mlango, mahali ambapo yeyote atakayetoka atamwona yeye kwanza.